Japani, Sehemu ya 3: Mjamaa na mzalendo walipoachana njia

Tuendelee, ndugu zangu. Tuliishia 1945, miji imeungua, Wamarekani wameingia. Leo twende kwenye jambo ambalo mgeni kutoka kwetu akifika huku linamsumbua kichwa kweli kweli.

Sisi tumelelewa kwamba mjamaa na mzalendo ni mtu yule yule. Mwalimu alidai uhuru, 1967 akaja na Azimio la Arusha, na hakuna aliyeona ajabu. Bendera yetu, wimbo wetu, ujamaa wetu. Huku sivyo. Mtu wa mrengo wa kushoto ukimsimamisha mbele ya bendera ya taifa lake anaweza kukaa kimya tu. Na mwenye bendera kubwa kuliko wote ni yule anayepita mjini na gari jeusi lenye vipaza sauti, anapiga nyimbo za jeshi la zamani, na wapita njia wanajifanya hawamsikii.

Halafu kuna katiba. Rasimu yake iliandikwa na Wamarekani Februari 1946, tena kwa siku chache tu, ikaanza kutumika Mei 3, 1947. Ibara ya 9 inakataa vita. Ungetegemea wanaopinga kambi za Wamarekani ndio waikatae, si ndiyo? La. Hao ndio wanaoilinda kama mboni ya jicho. Wanaotaka taifa lijiandikie katiba yake ndio hao hao wanaoshikilia urafiki na Marekani. Mimi nilichora mchoro kwenye daftari ndipo nikaelewa.

Sababu iko kwenye vita. Bendera na wimbo vilitumika kuwaaga vijana wanaokwenda kufa, na walimu ndio waliokuwa wakiwafundisha kwamba kufa kwa ajili ya mfalme ni heshima. Ndiyo maana chama cha walimu, Nikkyoso, mwaka 1951 kilichukua kaulimbiu ya kutowapeleka tena wanafunzi vitani. Kwa walimu hao, kuikwepa bendera ndiyo ilikuwa namna ya kuipenda nchi. Kuwaita wasaliti, kama wanavyoitwa na wale wa magari meusi, ni kutosoma historia.

Sasa mwaka 1960. Hapa tukae kidogo.

Waziri mkuu alikuwa Kishi Nobusuke. Huyu alikuwa waziri kwenye serikali ya Tojo iliyotangaza vita 1941, akafungwa gereza la Sugamo kama mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita, akaachiwa 1948 bila kesi. Miaka 9 baadaye yuko madarakani! Alitaka mkataba mpya wa ulinzi na Marekani. Tuwe wa kweli: mkataba ule ulikuwa na nafuu kuliko wa 1951, maana wa zamani uliruhusu hata majeshi ya Marekani kuzima fujo za ndani. Lakini watu waliona jinsi ulivyopitishwa. Usiku wa Mei 19 polisi waliingia bungeni, wakawabeba wabunge wa Chama cha Kisoshalisti waliokuwa wameziba njia ya Spika, na chama tawala kikapiga kura peke yake.

Nchi ikawaka. Wanafunzi, vyama vya wafanyakazi, mama wa nyumbani, wote barabarani. Juni 10 msemaji wa Rais Eisenhower alizingirwa kwenye gari karibu na uwanja wa ndege wa Haneda mpaka helikopta ikaja kumtoa. Juni 15 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Kanba Michiko, miaka 22, alifia ndani ya uzio wa Bunge. Wengine walisema alikanyagwa kwenye msukumano, wengine wakasema ni mikono ya polisi. Safari ya Eisenhower ikafutwa, Kishi akajiuzulu. Mkataba ukabaki.

Mnaona ilivyokuwa? Ule umati ulikuwa wa kushoto, lakini hasira yake ilikuwa ya taifa: nani anaamua mambo ya nchi hii? Mjamaa na mzalendo walikutana barabarani kwa wiki chache.

Kulia nao walijibu. Oktoba 12, 1960, kiongozi wa Wasoshalisti, Asanuma Inejiro, akiwa anahutubia ukumbi wa Hibiya, kijana wa miaka 17 alipanda jukwaani na upanga mfupi akamchoma. Kamera zilikuwa zinarekodi. Picha zipo, nimezitazama kama muuguzi: jeraha dogo kwa nje, damu inamwagikia ndani. Pale hata ungekuwa na chumba cha upasuaji mlango wa pili, ni kazi.

Dada zangu wa wodini, hii sasa ni yenu. Mwaka 1965 mamlaka ya watumishi wa serikali ilisema muuguzi asifanye zamu ya usiku peke yake, na usiku usizidi wastani wa 8 kwa mwezi. Ikabaki kwenye karatasi (tunalijua hilo). Mwaka 1968 wauguzi wa hospitali za mkoa wa Niigata, kupitia chama chao, walipanga wenyewe ratiba ya zamu kwa kufuata namba hizo, na harakati ikaenea nchi nzima. Wanaiita mapambano ya mbili na nane. Hapo hapakuwa na bendera wala mfalme, ilikuwa ni mgongo na usingizi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu kikubwa zaidi mrengo wa kushoto ulichoacha, na vitabu vinakipita haraka.

Kilichowamaliza? Mishahara ilipanda, hasira ikapoa. Halafu Februari 1972 kikundi cha Jeshi Jekundu kilijifungia na mateka kwenye nyumba ya mapumziko, Asama-Sanso, siku 10, taifa zima linatazama kwenye televisheni. Baadaye ikajulikana kwamba kule milimani walikuwa wameshaua wenzao 12. Wazazi wengi hawakutaka tena kusikia neno mapinduzi.

Bendera na wimbo vilitungiwa sheria Agosti 1999. Tokyo ikaagiza 2003 walimu wasimame na kuimba, na mamia wakaadhibiwa kwa kubaki wamekaa.

Na Julai 2025 chama cha Sanseito kilipata viti 14 vya Baraza la Juu kwa kaulimbiu ya Wajapani Kwanza. Swali la 1960, nani anaamua mambo ya nchi hii, limerudi, ila anayenyooshewa kidole sasa ni mgeni, wakiwemo Waindonesia na Wavietnamu wanaowageuza wazee wao vitandani. Kushoto kunajibu kwa sauti ndogo sana.

Sehemu ya 4 ni Okinawa, maana kule hesabu hii ya kushoto na kulia haikai hivi. Naingia zamu.