Usiangalie Moto: Historia Fupi ya Kuchomelea, Kutoka Thimlich Ohinga hadi YouTube

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Sikuwa mgonjwa, wala sikukwama kwenye kazi ya mteja. Nilikuwa Migori, kwenye karakana ya mjomba wangu, nikimshikia simu. Leo basi siandiki juu ya programu. Naandika juu ya kuchomelea vyuma. Nakuomba wewe mpenzi wa kompyuta usikimbie, maana mwisho wake utaona ni habari yetu ileile.

Nianze na macho yangu. Miaka ya 1990, nikiwa shule ya msingi, likizo zangu zote zilikuwa Migori. Mjomba ni ndugu ya mama, kwa hiyo kwa Kijaluo namwita nera, naye huniita okewa. Kazi yangu ilikuwa kushika pembe ya geti isicheze anapochoma. Kabla hajagusa chuma kwa rodi alipaza sauti: "Okewa, usiangalie!" Nami nafumba macho na kugeuza uso. Siku moja sikugeuza. Mchana kutwa sikusikia chochote. Saa nne usiku macho yakaanza kuwaka kana kwamba yamejazwa mchanga, nikalia hadi alfajiri huku bibi akiniwekea vipande vya kiazi kibichi. Yeyote aliyekulia karibu na jua kali anaujua usiku huo.

Nimekuja kuwaza juu ya jambo hili nikiwa mtu mzima. Ufundi wa jua kali hauna kitabu. Unakaa kando ya fundi, unatazama, unashika, unakosea, unatazama tena. Mimi mwenyewe nilijifunza kutengeneza kurasa za wavuti hivyohivyo: nafungua ukurasa wa mtu, natazama msimbo wake, naiga. Sasa utajifunzaje kwa kutazama kazi ambayo sharti lake la kwanza ni usitazame?

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kaskazini magharibi ya mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, zile boma za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambazo yaelekea zilijengwa karne ya 16. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Wengi huenda kupiga picha kuta. Mimi nakushauri uulize mahali pa wafua chuma, maana papo. Mfua chuma, jatheth kwa Kijaluo, alifanya kazi yake kwa moto unaotazamika. Kijana aliyeshika mvukuto aliona kila kitu: rangi ya chuma ikitoka nyekundu kwenda manjano, nyundo inapotua, wakati wa kurudisha motoni. Majembe ya Wasamia yaliyouzwa huku na huku katika nchi hizi za ziwa yalitoka katika shule ya namna hiyo. Mwalimu na mwanafunzi walitazama moto mmoja.

Kisha ukaja umeme. Ulaya, Nikolai Benardos alikuwa ameunganisha vyuma kwa cheche ya umeme tangu mwaka 1881, na Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, ndiye aliyevumbua rodi iliyopakwa dawa, mama wa hizi tunazonunua hadi leo. Huku kwetu umeme na chuma vilifika vimeshikana mikono. Kituo kidogo cha Gogo kwenye mto Kuja, cha megawati 2, kilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Mgodi huo wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966. Umeme ulibaki, na kazi ya chuma ilibaki.

Lakini nuru ya umeme haitazamiki. Inaunguza jicho. Fundi akajificha nyuma ya kioo cheusi, na mwanafunzi akabaki nje ya kioo hicho. Fikiria karakana nyingi za jua kali: helmeti moja, wanafunzi watatu. Anayeona chuma kinavyoyeyuka ni mmoja tu. Wengine wanaona mwako, wanageuka, halafu wanaonyeshwa mshono uliokwisha kupoa. Ni kama kumfundisha mtu kupika kwa kumwonyesha sahani. Ndiyo maana mafundi wa zamani wanakuambia wamejifunza kwa sikio. Nera husema rodi ikienda vizuri inalia kama omena kikaangoni, na ni kweli.

Kwa njia hiyo ngumu jua kali ilikua. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu juu ya ajira nchini Kenya, iliyoonyesha kwamba hawa watu wasio na vibali wala paa walikuwa wakifanya kazi ya maana. Mwaka 1977 Kenneth King akachapisha kitabu kizima juu ya fundi wa Kiafrika. Mwaka 1986 serikali yenyewe, katika waraka wake wa uchumi, ikakiri kwamba ajira nyingi zitatoka huko. Kote huko mfalme alikuwa rodi: mageti, mikokoteni, na zile pipa za kusagia mawe ya dhahabu unazozisikia zikinguruma Osiri na Macalder. Kwa kazi hizo rodi yatosha.

Haitoshi kwa stenlesi nyembamba wala kwa alumini. Hapo panahitajika TIG.

TIG ilizaliwa na shida ya ndege. Mwaka 1941, kwenye kiwanda cha Northrop huko California, Russell Meredith alitafuta njia ya kuunganisha magnesi, madini mepesi yanayoshika moto kwa urahisi yakipata joto kali kwenye hewa. Akatumia sindano ya tangsteni, ambayo huyeyuka tu ikifika nyuzi 3,422 za Selsiasi, na kuizungushia gesi ya heliamu ili hewa isikaribie. Hataza alipewa mwaka 1942. Baadaye argoni ikachukua nafasi ya heliamu katika kazi nyingi. Argoni iligunduliwa mwaka 1894, na jina lake kwa Kigiriki maana yake ni mvivu, kwa sababu haichanganyiki na kitu. Kwa ufupi: mkono mmoja unashika tochi yenye sindano, wa pili unalisha waya, mara nyingi mguu unaongeza na kupunguza umeme, na yote hayo yanatawaliwa na jicho linalosoma kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka, chenye upana wa punje ya mahindi. Hapa sikio halisaidii. TIG karibu haina mlio. Usipoona kidimbwi, huna unalojifunza.

Sasa tuje kwenye mambo yetu. Video ya kwanza ya YouTube iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005. Sisi Kenya wakati huo tulikuwa tunavuta intaneti kutoka setilaiti, tunalipa saiba kwa dakika, na video ya dakika tatu ilikula chakula cha mchana. Mwezi Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi Mombasa, TEAMS ukafuata, na bei ikaanza kushuka. Sisi watengenezaji wa programu tulisherehekea kwa sababu zetu. Sikujua kwamba waya ule ulikuwa pia wa mjomba wangu.

Maana kule Marekani mafundi kama Jody Collier walikuwa wameshaanza kuweka kioo cheusi mbele ya kamera. Jambo dogo sana! Lakini kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kuona kile ambacho fundi peke yake alikuwa anakiona. Nera alipopata mashine ya TIG ya mitumba kutoka Nairobi, nilimpelekea video kumi kwenye kadi ya simu. Nakumbuka alivyotazama ya kwanza. Hakusema neno. Kisha: "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mtu aliyechomelea kwa miaka karibu thelathini alikuwa anatazama kidimbwi cha mtu mwingine kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kila jioni baada ya kazi alifanya mazoezi kwenye vipande vilivyotupwa. Kwanza bila waya, kutembeza kidimbwi tu. Kisha na waya. Sindano ikigusa kidimbwi na kuchafuka, anaisimamisha kazi, anainoa upya, anaanza tena. Baada ya miezi kama mitano mshono wake ulilala kama magamba ya ngege, moja juu ya jingine. Nikadhani tumemaliza. Nikaandikia marafiki kwamba intaneti imefuta umbali.

Hapo ndipo ikaja kazi ya Homa Bay. Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki alitaka beseni kubwa la stenlesi la kuoshea samaki, akalipa nusu. Nera alilitengeneza Migori, nje linang'aa. Lilipofika, yule mama aliingiza mkono ndani akapapasa mshono kwa chini. Ulikuwa na ganda jeusi, la chembechembe kama sukari iliyoungua. Akasema kwa upole, "Fundi, damu ya samaki itakaa hapa. Mimi nitaosha mpaka lini?" Hakuwa na neno baya, na hilo ndilo lililouma.

Ganda lile hutokea hewa inapokigusa chuma cha moto upande wa nyuma. Kromiamu iliyo ndani ya stenlesi, ile inayozuia kutu, inaungua. Dawa yake ni kupeleka argoni na nyuma pia. Nilirudi kwenye video zile kumi nitafute. Na jamani, ilisemwa! Kwenye video ya nne, wazi kabisa. Ilisemwa kwa maneno, si kwa picha. Na Nera, ambaye lafudhi ya Kimarekani humpita kama upepo, alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza: "Zima sauti hiyo. Mimi naangalia mkono." Nami nilizima. Katika sauti hiyohiyo niliyoizima kulikuwa na onyo jingine: usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini halafu ukichomelee, kwa sababu moto wa TIG unaigeuza kuwa gesi ya fosjini, inayoua. Nilipolisikia hilo nililazimika kuketi.

Beseni lilikuwa limeshajengewa, kwa hiyo tulipakia mashine na mtungi tukapitia Rongo hadi Homa Bay kulitengeneza palepale, karibu na maji. Tulianza saa nane mchana. Mshono ukatoka mweusi, wenye matundu. Mimi, mtaalamu wa kusoma mtandao, nikasema ongeza gesi. Tukaongeza kutoka lita kumi kwa dakika hadi zaidi ya ishirini. Ikawa mbaya zaidi, maana gesi ikitoka kwa nguvu inajisokota na kuvuta hewa ndani. Jioni mtungi ulikuwa mtupu, na mwingine ulipaswa kutoka Kisumu. Hasara hiyo ni yangu, naiandika hapa kwa jina langu.

Aliyetutoa gizani ni mzee aliyekuwa akishona nyavu hapo kando. "Nyinyi mnapigana na ziwa," alisema. "Mchana upepo unatoka majini kuja nchi kavu. Njooni asubuhi." Mafundi wa kwenye video wanachomelea ndani ya gereji zilizofungwa. Hakuna hata mmoja aliyejua habari za upepo wa alasiri wa Nam Lolwe. Tulipopata gesi tulianza saa kumi na mbili asubuhi, turubai limezungushwa, argoni ikipita mbele na nyuma. Mshono ukatoka na rangi ya majani makavu, pande zote mbili safi. Yule mama alipapasa tena, akamalizia malipo.

Basi nilichojifunza ni hiki. Video haikuleta shule mpya. Ilirudisha shule ya Thimlich, ambamo mwalimu na mwanafunzi wanatazama moto mmoja. Umeme ulikuwa umeivunja, kioo mbele ya kamera kikaiunganisha. Lakini iliunganisha macho tu. Maneno bado yamefungwa kwa lugha ya mtu mwingine, na upepo wa mahali hauingii kwenye video ya mgeni mpaka mwenyeji aseme.

Ndiyo sababu ya wiki zangu tatu za kimya. Nimekuwa nikishika simu, kipande cha kioo cha helmeti kimefungwa kwa gundi mbele ya kamera, na Nera anachomelea huku akisema kwa Kiswahili na Kijaluo: hapa punguza mguu, hapa weka gesi nyuma, dawa ya breki usilete karibu, ukiwa kando ya ziwa maliza kabla ya saa sita. Tumefanya saba. Zinatikisika, na kuku anasikika kwenye mbili. Pembeni yupo kijana wa miaka kumi na saba anayejiandaa kwa mtihani wa ufundi wa daraja la tatu wa NITA. Sasa karakana ina helmeti mbili, na mashine inapowashwa mjomba wangu hasemi tena neno lile la utotoni mwangu. Anasema, "Vaa, sogea, angalia."

Kama una mzazi au jirani mwenye ufundi mkononi na wewe una simu mfukoni, unajua la kufanya. Usizime sauti.