Karatasi ya Zawadi za Idi Ilikotoka

Kila Idi ikikaribia, watoto wetu hukaa jamvini na mkasi na gundi, wakifunga zawadi na kukata nyota za kupamba sebule. Je, tunajua karatasi hiyo ilikotoka?

Ilianzia China. Waislamu waliipokea Samarkand katika karne ya 8, na kabla karne hiyo haijaisha Baghdad ilikuwa ikitengeneza yake kwa matambara yaliyopondwa. Mwaka 1047 msafiri Nasir Khusraw aliingia Cairo. Katika kitabu chake, Safarnama, ameeleza kuwa wauza vyakula na dawa sokoni huko walimpa mnunuzi chombo cha kioo, cha udongo au cha karatasi, asihitaji kuja na chake. Yaani kitu cha kuandikia vitabu kilikwisha kuwa rahisi hata kikafungia bidhaa!

Basi sisi hatuoni haya kufunga zawadi kwa gazeti kuukuu na uzi wa katani. Ila tuwe macho na kilichoandikwa humo. Idi iliyopita tulikuta peremende zimefungwa kwa kurasa za daftari la madrasa, zenye aya. Tulizifungua moja moja, mtoto analia, tukampa mfuko wa kaki aupake rangi.