Moyo wa Mpiganaji Uko Nyumbani

Ewe msomaji kijana, ukisimama Kalimoni, baina ya Thika na Ruiru, asubuhi ambapo mawingu yametawanyika, utauona mlima wa Kirinyaga upande wa kaskazini, na upande wa kaskazini-magharibi safu ya Nyandarua. Milima hiyo hupendeza macho. Lakini tangu 1952 hata 1956 maelfu ya vijana walilala humo katika baridi kali, silaha zi mikononi na nyumba zao zi mioyoni. Nataka kukusimulia habari zao, maana vita vile vilikuwa baina ya Waafrika na serikali ya kikoloni, na papo hapo vilikuwa baina ya ndugu na ndugu.

Serikali ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Asili ya ugomvi ilikuwa ardhi na uhuru. Katika nchi ya Thika na Ruiru mashamba makubwa ya kahawa na katani yalikuwa mali ya walowezi, na Waafrika walifanya kazi humo kwa ujira mdogo. Watu wengi wa Kikuyu walikula kiapo cha Mau Mau. Wengine walikataa: huyu kwa ajili ya dini, yule kwa hofu, na yule mwingine kwa kuwa alikuwa na mali au cheo cha kulinda. Serikali nayo ikaunda jeshi la walinzi wa vijijini, ambao watu waliwaita homugadi. Hivyo ikawezekana kaka awe msituni na mdogo wake awe mlinzi, nao wamenyonya titi moja.

Maisha ya kambini yalikuwaje? Usidhani yalikuwa ya fujo. Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Yeye na wenzake waliingiza msituni kawaida za jeshi: vyeo, zamu za ulinzi, na adhabu kwa mkosaji. Vibanda vilijengwa kwa mianzi, na moto uliwashwa kwa uangalifu, moshi usije ukaonwa na ndege za vita. Bunduki za kiwandani zilikuwa chache. Nyingi ziliundwa kwa kipande cha bomba la maji, komeo la mlango na utepe wa mpira, na pengine zilimlipukia mwenyewe. Katika sala zao waliuelekea Kirinyaga, wameshika udongo mkononi.

Hata makarani walikuwako. Karari Njama, mwalimu wa shule aliyesoma Alliance, aliacha ubao na chaki akaingia Nyandarua 1953, akawa karani wa Dedan Kimathi. Yaliandikwa madaftari ya majina ya wapiganaji, ili siku ya ushindi asisahauliwe mtu. Fikiri, msomaji: mtu aliye na njaa, nguo zake zimeraruka mpaka anavaa ngozi, bado anaona haja ya kuandika.

Lakini usiku, zamu zikiisha kupangwa, fikira zilishuka mlimani. Mke yu hai? Watoto wamekula nini? Mzee amepelekwa kizuizini? Tena tumbo la kambi lilitegemea nyumbani, kwa kuwa wanawake ndio waliopeleka unga, viazi na maharage gizani, ukingoni mwa msitu. Waliokamatwa walipata taabu kubwa. Gereza la Kamiti, lisilo mbali na Ruiru, lilijaa wanawake wa namna hiyo.

Serikali iliutambua uzi huo, ikaukata. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza kuwasaka watu wa Nairobi, mahali zilipotoka risasi na dawa. Mwaka ule ule ikaanza kuwahamisha watu kwa nguvu. Nyumba za zamani zilichomwa, na hata kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya 1,000,000 walikuwa wamekusanywa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye mahandaki na minara ya walinzi. Aliyetoka nje saa zilizokatazwa aliweza kupigwa risasi. Ndipo kambi zikabaki na asali, majani na nyama ya mwitu.

Uchungu mwingine ulikuwa mkubwa kupita njaa. Vijana wale walikwenda kupigania ardhi. Nao wakiwa mlimani au kizuizini, mashamba yalipimwa na kuandikishwa nyuma yao. Wengi walirudi wakakuta mipaka imegeuka na jirani analima.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hali ya hatari ikaisha 1960, na uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, wapiganaji waliouawa walizidi 11,000. Raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Raia wa Kiafrika waliouawa na wapiganaji walizidi 1,800. Zitazame hesabu hizo kwa makini, nawe utafahamu kwa nini wazee wengi hunyamaza wakiulizwa habari za siku zile. Mwuaji na aliyefiwa walirudi kuteka maji katika mto mmoja. Hata sheria iliyowapiga marufuku Mau Mau haikuondolewa mpaka 2003.

Basi ukibahatika kumpata bibi au babu aliyeziona siku hizo, mwulize kwa adabu, ukae usikilize. Usianze kwa kumwuliza alikuwa upande gani. Mwulize nyumba yao ilikuwa wapi kabla haijachomwa, na nani alikosekana ilipojengwa nyingine. Kisha andika atakayokuambia, kama makarani wale walivyoandika kule Nyandarua.