Nyuzi Sita na Nyimbo za Krismasi: Historia ya Gitaa la Jazi Lipigwalo Peke Yake

Mpangilio wa wimbo wa Krismasi kwa gitaa moja la jazi humtaka mpigaji mmoja atimize yale ambayo katika bendi za Afrika Mashariki hugawanywa kati ya gitaa la solo, la ridhimu na la besi, yaani aibebe sauti inayoutambulisha wimbo, aiwekee sauti nzito chini yake, na katikati ajaze kodi, ambazo ni noti tatu au zaidi zinazosikika pamoja. Jazi, muziki uliokuzwa na Wamarekani Weusi na ambao moyo wake ni kubuni papo hapo, huongeza sharti lililo gumu zaidi, kwamba wimbo ubadilishwe bila kupotea. Kwa sharti hilo nyimbo za Krismasi zinafaa kuliko nyimbo nyingine karibu zote, kwa kuwa msikilizaji anazijua tangu utotoni, na mpigaji anaweza kuruka noti, kuchelewesha mstari au kugeuza kodi akiamini kwamba sikio litakikamilisha kilichoachwa.

Tena gitaa si mgeni katika muziki huu. Wimbo wa Krismasi unaojulikana pengine kuliko wote, ambao makanisa mengi ya Waswahili huuimba kwa jina la Usiku Mtakatifu, ulisikika kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Mtakatifu Nikolao huko Oberndorf, karibu na Salzburg, nchini Austria, ukisindikizwa na gitaa. Padri Joseph Mohr, aliyekuwa ameandika shairi lake mwaka 1816, aliimba huku akipiga gitaa hilo, naye Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule aliyetunga muziki, aliimba sauti ya chini. Simulizi kwamba panya walikuwa wametafuna kinanda cha kanisa ilizuka baadaye, na historia haihitaji panya ili kueleza uamuzi wa kutumia gitaa, kwani wimbo wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba kodi tatu zinatosha kuusindikiza.

Wepesi huo ndio mtaji wa mpiga jazi. Noti ya gitaa hufifia mara tu inapodonolewa, tofauti na sauti ya mwimbaji ambayo pumzi huiendeleza, na kwa sababu hiyo kila mwisho wa mstari, pale ambapo waumini hushikilia noti ndefu, gitaa hubaki na nafasi tupu. Mpigaji hodari huitumia nafasi hiyo kwa kuacha noti ya juu ilie huku besi ikishuka hatua moja moja chini yake, na kila hatua huleta kodi mpya, hata noti ileile ambayo awali ilisikika tulivu ikawa na huzuni kidogo, kisha ikarejea katika utulivu wake. Utamu wa mipangilio hii umo hasa katika mageuzi hayo madogo, na anayeisikiliza kama muziki wa kupitisha muda tu huyakosa. Kazi ya kuunganisha besi na sauti ya juu katika mkono mmoja inajulikana vizuri pia kwa Waswahili, kwani mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, aliifanya kwa ustadi wa hali ya juu, ingawa kwa njia iliyokuwa yake mwenyewe.

Katika jazi, hata hivyo, njia ya gitaa pweke ilichelewa kufunguka. Charlie Christian, aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, alionyesha kwamba gitaa la umeme linaweza kushindana na saksafoni kwa kupiga noti moja baada ya nyingine, na vijana wengi wakamfuata. Aliyeshikilia kodi ni George Van Eps, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alitengenezewa na kampuni ya Epiphone gitaa la nyuzi saba, lenye uzi mzito wa ziada, ili besi isimpungukie.

Wakati huohuo watunzi wa Marekani walikuwa wakizalisha nyimbo mpya za Krismasi ambazo hazikutoka kanisani. White Christmas ya Irving Berlin ilirekodiwa na Bing Crosby mwaka 1942. The Christmas Song ya Mel Tormé na Robert Wells ilitungwa mwaka 1945, nayo ikarekodiwa mwaka uliofuata na kikundi cha Nat King Cole, ambamo Oscar Moore alipiga gitaa. Nyimbo hizi zilizaliwa zikiwa na kodi nyingi, kwa hiyo humdai mpigaji jambo lililo kinyume na lile la nyimbo za kale, yaani kupunguza na kuchagua, kwa kuwa vidole vinne juu ya shingo ya gitaa haviwezi kukamata kila kitu ambacho piano ingekipiga.

Gitaa pweke la jazi na nyimbo za Krismasi vilikutana katika miaka ya 1960. Kenny Burrell, katika santuri yake Guitar Forms ya mwaka 1965, aliuanza peke yake wimbo wa Greensleeves, mahadhi ya Kiingereza ya karne ya 16 ambayo baadaye yalitiwa maneno ya Krismasi ya William Chatterton Dix, kabla ya okestra ya Gil Evans kuingia. Charlie Byrd, aliyekwenda Siena mwaka 1954 kusoma kwa bingwa wa gitaa la klasiki Andrés Segovia, alipiga jazi kwa vidole juu ya nyuzi za nailoni, na katika miaka hiyo ya 1960 akatoa Christmas Carols for Solo Guitar, santuri ambayo jina lake lilitangaza waziwazi kwamba gitaa moja linatosha.

Joe Pass ndiye aliyeifanya imani hiyo iwe ya kawaida, kupitia Virtuoso, iliyorekodiwa mwaka 1973 kwa ajili ya kampuni ya Pablo ya Norman Granz, ambamo alipita kutoka kodi hadi noti moja moja na kurudi kwenye besi bila mdundo kukatika. Alipofika kwenye nyimbo za Krismasi katika Six-String Santa ya mwaka 1992, aliwaalika John Pisano kwenye ridhimu pamoja na wapigaji wa besi na ngoma, lakini mkono uliozoea kujitosheleza unasikika ndani ya kodi zake. Kwa wanafunzi, urithi mkubwa zaidi huenda ni wa Ted Greene, mwalimu wa California aliyefariki mwaka 2005, ambaye aliandika kwa mkono wake mipangilio mingi ya gitaa pweke, ikiwamo ya nyimbo za Krismasi, akichora kila kodi kwa vidoti vinavyoonyesha mahali pa kila kidole, ili hata asiyesoma noti aweze kuipiga.