Njia za miguu na baiskeli Kibarani: Nani apange, nani alipe?

WAKAZI wa Kibarani, mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Kilifi Kaskazini, hawana haja ya kufunzwa kutembea. Shuleni, kisimani, shambani na sokoni wengi wao hufika kwa miguu, na mwenye uwezo kidogo hufika kwa baiskeli, aghalabu ikiwa imebeba madumu ya maji, gunia la makaa au nazi. Kinachohitaji kuelezwa ni jinsi ambavyo safari hizo hukosa nafasi katika mipango na bajeti za barabara.

Uhaba wa fedha si sababu pekee. Kwa mhandisi, njia ya miguu ni kazi nyepesi. Njia yenye upana wa mita mbili na urefu wa kilomita tano huchukua hekta moja tu ya ardhi, yaani takriban ekari mbili na nusu. Tatizo ni kwamba njia hiyo haina mwenyewe. Barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa, barabara ndogo ni za kaunti, ardhi ya pembeni ni ya watu binafsi au ya umma, naye mtembeaji huyapita yote hayo kwa safari moja bila kujua yuko katika himaya ya nani.

Barabara yenyewe imebadilika mno katika kipindi cha kizazi kimoja. Hadi daraja la Kilifi lilipokamilika mwaka 1991, magari yaliyotoka Mombasa kwenda Malindi yalivuka kwa feri pale Mnarani. Daraja liliondoa foleni ya feri, na pamoja nayo likaondoa pumziko ambalo magari yalilazimika kulipata kabla ya kuingia mjini. Kisha zikaja bodaboda za pikipiki, hasa baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Pikipiki hizo hupita ukingoni mwa lami, mahali pale pale ambapo mwenye baiskeli na mtoto wa shule walikuwa wamejihifadhi.

Matokeo yake yanafahamika kitaifa. Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufariki katika ajali za barabarani nchini Kenya, na wanaotembea kwa miguu ndio kundi linalopoteza watu wengi zaidi, takriban mmoja kati ya kila watatu. Sheria imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika.

Kibarani ina sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili kwa makini. Hapa ndipo ilipo Shule ya Viziwi ya Kibarani. Udereva wa nchi hii huitegemea honi kama vile baharia anavyoutegemea usukani. Dereva hupiga honi, akachukulia kwamba aliye mbele amesikia, kisha akapita bila kupunguza mwendo. Kwa mtoto asiyesikia, honi si onyo. Linaloweza kumlinda ni kumtenga na magari kwa njia iliyoinuliwa, au iliyotengwa kwa mtaro au vigingi.

Upana nao una maana yake. Viziwi huzungumza kwa mikono na macho, kwa hiyo wakitembea pamoja huhitaji kutazamana, na njia inayomtosha mtu mmoja huwalazimisha kufuatana kama siafu, mazungumzo yakakatika. Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, Marekani, ambacho kimeanzishwa kwa ajili ya viziwi, kilianza mwaka 2005 kuandaa mwongozo wa ujenzi unaozingatia mahitaji hayo, na njia pana za kutembelea ni miongoni mwa mambo unayosisitiza. Mwongozo kama huo haujapata kuwa sehemu ya mazungumzo ya barabara katika Pwani ya Kenya, ingawa hapa ungefaa kuliko mahali pengi.

Nani mwenye barabara

Kabla ya 2013, kazi za mitaa zilikuwa za mabaraza ya miji na ya wilaya, yaliyopata mgao wa asilimia tano ya kodi ya mapato kupitia hazina ya LATF iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mabaraza hayo yalivunjwa ugatuzi ulipoanza. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara za kaunti, taa za barabarani na uchukuzi wa umma wa mashinani ni kazi ya serikali ya kaunti.

Hata hivyo barabara kuu hazikugatuliwa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa zile za mijini, na KeRRA kwa zile za mashambani. Barabara ya Mombasa hadi Malindi imo mikononi mwa KeNHA, pamoja na hifadhi yake, yaani ule ukanda wa ardhi ulioachwa kila upande. Kwa maneno mengine, Kaunti ya Kilifi haiwezi kujenga njia ya miguu kando ya lami hiyo bila idhini ya KeNHA, hata ikiwa na fedha mkononi. Mwananchi anayemwendea mwakilishi wa wadi kulalamikia ukingo wa barabara kuu huwa amebisha mlango usio wake, na mara nyingi hakuna anayemwambia hivyo.

Wakati mzuri wa kuidai njia ni barabara inapochorwa upya. Mnamo Desemba 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) iliidhinisha takriban dola milioni 384 za Marekani kwa ajili ya Kenya na Tanzania ili kuboresha barabara ya mwambao kutoka Bagamoyo hadi Malindi kupitia Lunga Lunga, huku Umoja wa Ulaya ukitoa ruzuku kwa upande wa Kenya. Awamu ya kwanza nchini Kenya ilihusu kipande cha Mombasa hadi Kilifi, kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo. Kipande cha kutoka Kilifi kwenda Malindi hakikuwemo katika awamu hiyo, na kwa wakazi wa kaskazini mwa daraja hapo ndipo penye nafasi. Njia ya baiskeli iliyomo katika michoro ya mwanzo hulipwa pamoja na barabara. Ikikosekana humo, huja baadaye kama ombi, na ombi hupangiwa foleni.

Wafadhili wakubwa wa barabara huagiza tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya kutoa fedha, na sheria ya Kenya inataka vivyo hivyo kupitia mamlaka ya mazingira, NEMA. Vikao vya tathmini hiyo huhudhuriwa zaidi na wanaotarajia fidia ya ardhi. Wanaotembea tu huwa hawana cha kufidiwa, kwa hiyo huwa hawaendi.

Ua na kijia

Mbali na lami, tishio ni la namna nyingine. Vijia vingi vinavyounganisha vijiji na shule hupita katikati ya mashamba kwa hisani ya jirani, si kwa sheria. Historia ya ardhi ya mwambao inajulikana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati waliojitokeza kudai ndani ya ukanda wa maili kumi, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, jambo lililowafanya maelfu ya familia za Wamijikenda kuwa maskwota katika ardhi waliyoizoea. Mipango ya makazi iliyofuata baada ya uhuru, kama ule wa Tezo-Roka, iligawa viwanja na kuacha barabara za kuvifikia. Lakini ramani ya mpimaji na njia ya mwenda kwa miguu ni nadra kulingana.

Shamba linapouzwa na mnunuzi kujenga ua, kijia kilichotumika kwa miaka 40 hupotea kwa siku moja. Watoto huzunguka, na mzunguko huo mara nyingi huwatoa kwenye barabara ya magari. Hakuna kumbukumbu ya hasara hiyo popote, kwa sababu kijia hakikuwahi kuandikwa.

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inaipa kaunti uwezo wa kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi na kuidhinisha ugawaji wa mashamba kuwa viwanja. Kaunti inaweza kuweka sharti kwamba sehemu ya shamba itengwe kwa njia ya umma kabla ugawaji haujaidhinishwa. Kwa wadi inayopakana na mji unaokua, sharti hilo lina thamani kuliko bajeti yoyote, kwani ardhi inayotengwa leo bila malipo italazimu kununuliwa kesho kwa bei ya kiwanja cha mji.

Fedha zatoka wapi

Kwa njia zilizo nje ya barabara kuu, chanzo cha kwanza ni bajeti ya kaunti. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kilifi kutoka hazina ya kitaifa ulikuwa takriban Sh11.6 bilioni, kwa kaunti yenye watu 1,453,787 kwa hesabu ya sensa ya 2019 na wadi 35. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itumike kwa maendeleo. Asilimia hiyo hugombewa na maji, zahanati, madarasa ya chekechea na barabara zenyewe.

Chanzo cha pili ni ushuru wa matengenezo ya barabara unaotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli, Sh18 tangu 2016, na Sh25 tangu Julai 2024. Sehemu ya fedha hizo huenda katika maeneobunge kupitia KeRRA. Mgao wa Sh10.5 bilioni ambao magavana waliudai kwa ajili ya kaunti ulizua mvutano mkali kati yao na wabunge mwaka 2024 na 2025, hadi kufikishwa mahakamani. Wapo wasemao kuwa mwenye baiskeli hachangii ushuru huo na hivyo hana haki nao. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani unga, mafuta ya kupikia na nauli anayolipa siku ya mvua vyote vimeshabebeshwa bei ya dizeli.

Chanzo cha tatu ni manispaa. Kilifi na Malindi zina hadhi hiyo chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na mpango wa kusaidia miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia (KUSP) kuanzia 2018 uliruhusu fedha zake kutumiwa kwa njia za miguu, za baiskeli, taa na mitaro. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkazi wa Kibarani ni kama kijiji chake kimo ndani ya mpaka wa manispaa au nje yake, kwani kilicho nje hakiwezi kuguswa na fedha hizo.

Kwingineko

Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Katika miaka ya 1990, mpango wa utafiti wa uchukuzi uliohusisha Benki ya Dunia ulifanya majaribio ya njia za miguu na baiskeli Nairobi na Eldoret nchini Kenya, na Dar es Salaam na Morogoro nchini Tanzania. Mabasi ya mwendo kasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi Mei 2016, yalijengewa njia za miguu na baiskeli kandokando. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera mwaka 2015 iliyotaka asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itengewe wanaotembea na wenye baiskeli, na mwaka uliofuata Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP) likazihimiza nchi zote kufuata kiwango hicho.

Nairobi imejenga njia nyingi tangu hapo. Baadhi zimegeuka maegesho ya magari, na nyingine vibanda vya wachuuzi na vituo vya bodaboda. Anayepanga njia bila kupanga mahali pa muuza maandazi amepanga nusu. Kwa joto la Pwani, njia isiyo na kivuli nayo itaachwa tupu saa saba mchana, na mwarobaini na mkwaju ni bei nafuu kuliko paa.

Kalenda ya bajeti

Kaunti huandaa mpango wa miaka mitano, na unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiokuwemo humo ni vigumu kupata fedha, kwa hiyo maandalizi ya mpango wa 2028 hadi 2032 ndiyo mlango mkubwa unaofuata. Kila mwaka, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kikao cha wananchi cha mwezi Mei kwa kawaida hukuta makadirio yameshaandikwa, na anayetaka njia mpya hana budi kujitokeza kabla ya Septemba iliyotangulia.

Sheria hiyo hiyo ya fedha inaitaka kila kaunti kuwa na jukwaa la bajeti na uchumi lenye wawakilishi wa wanawake, wazee, makundi ya dini, wafanyabiashara na walemavu. Aidha, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi la maandishi kwa serikali ya kaunti na kwa bunge lake, naye ana haki ya kujibiwa. Ombi lenye uzito hutaja njia inakoanzia na inakoishia, urefu wake, ardhi ni ya nani, ni wanafunzi wangapi huipita asubuhi kwa hesabu iliyofanywa siku ya shule, na ni wapi inakutana na barabara ya KeNHA, ili nakala ipelekwe huko pia.