Masimulizi ya Maisha na Bandari ya Wesha

Wesha ndiyo bandari ya Chake Chake, magharibi ya kisiwa cha Pemba. Aandikaye habari za mahali kama hapo aghalabu huanza na karafuu, kwa kuwa karafuu zimeacha hesabu. Na baada ya tufani ya 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya zao hilo. Lakini hesabu ya magunia haisemi mchukuzi alikuwa nani, wala alitoka wapi.

Upungufu huu waonekana zaidi katika habari za utumwa. Amri ya Sultani Hamoud bin Muhammed ya tarehe 6 Aprili 1897 haikumwacha huru kila mtumwa siku ile. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na bwana wake akalipwa fidia; masuria walingoja mpaka 1909. Basi ategemeaye daftari za serikali atawakuta waliokwenda kudai. Waliobaki shambani kwa hofu, au kwa ajili ya watoto, au kwa kukosa pa kurudi, hawamo. Nao hawakuwa wachache.

Masimulizi ya maisha yangeweza kuziba pengo hilo, ila kalamu haikushikwa na kila mtu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na W. H. Whiteley akayachapisha upya 1958-59. Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa utotoni akafikishwa Unguja, alihitaji W. F. Baldock amsikilize na kumwandikia; habari zake zilitoka 1936, kwa Kiingereza, katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Hivyo mfanyabiashara wa pembe na watumwa husomwa kwa maneno yake, na mtumwa kwa maneno ya mfasiri.

Kosa hilo laweza kurudiwa Wesha hata leo, tena pasipo Kiingereza. Mwandishi akisikia Kipemba cha mzee hushawishika kukinyoosha kiwe Kiswahili sanifu, asijue kwamba anafasiri. Kadhalika, aulizaye waziwazi kama bibi wa fulani alikuwa mtumwa hujibiwa kwa kimya, na ni haki. Yafaa zaidi kuuliza nani alipanda mkarafuu ule, nani alichuma, pishi zilipimwa na nani, na wazee wamezikwa wapi. Maswali nayo yaandikwe pamoja na majibu, na jina la shamba lisibadilishwe hata herufi moja.