Kifaa cha Kupima Vyuma Kilichouona Moyo

Leo tuweke msimbo kando, tuangalie historia kidogo.

Sisi waundaji programu tunajua taabu ya kutafuta hitilafu katika mfumo usioruhusiwa kuzimwa. Kwa madaktari, mfumo huo ni moyo. Uvimbe unaoanzia moyoni kwenyewe ni nadra sana. Ule unaoenea kutoka kwingine, kama saratani ya mapafu au ya matiti, hutokea mara nyingi zaidi. Kuna pia thaimoma, uvimbe wa tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huu, mara chache, hutambaa ndani ya mshipa mkubwa hadi ukaingia moyoni. Kwa karne nyingi uvimbe wa moyo uligunduliwa mgonjwa akishakufa, maiti ilipopasuliwa.

Mambo yalianza kubadilika nchini Uswidi. Mjini Lund, daktari Inge Edler alitaka kuchunguza vali za moyo kabla ya upasuaji. Alimwendea mwanafizikia Hellmuth Hertz, aliyejua kifaa cha mawimbi ya sauti kilichotumika katika kiwanda cha meli mjini Malmö kutafuta kasoro ndani ya vyuma. Tarehe 29 Oktoba 1953 walirekodi mwangwi wa moyo unaopiga. Hawakuwa wakitafuta uvimbe hata kidogo! Lakini mwaka 1959, Sven Effert na mwenzake huko Ujerumani waliripoti uvimbe waliouona moyoni kwa njia hiyo hiyo.

Kuona bila kutibu kungesaidia nini? Bahati nzuri, mwaka 1953 John Gibbon wa Marekani alikuwa amefaulu kumpasua mgonjwa akitumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1954, Clarence Crafoord akaitumia mashine ya aina hiyo kuondoa uvimbe moyoni, mjini Stockholm.

Mwaka 1971 ikaja skana ya Godfrey Hounsfield, ambayo picha yake huundwa na kompyuta. Ilianza na kichwa, baadaye ikafika kifuani.

Hata hivyo, kwa kawaida picha peke yake haitoshi kuthibitisha aina ya uvimbe. Lazima kipande kichukuliwe na kupimwa maabarani. Thaimoma iliyofika moyoni mara nyingi hupunguzwa kwanza kwa dawa, kisha ikaondolewa kwa upasuaji, pengine na mionzi baadaye.

Kwa hiyo ndugu yangu, uso ukivimba, mishipa ya shingo ikatuna na pumzi ikakatika, usingoje. Nenda hospitali. Siku hizi moyo unaonekana ukiwa bado unapiga.